Meza ya Fundi: i7 ya kibandiko ndani ya laptopu ya inchi 12

Toleo lililopita niliandika kwamba anayenunua laptopu ndogo ya mtumba, zile za inchi 12 na 13 zilizotumika maofisini Ulaya, asianze kwa kutafuta kibandiko cha i7, jina la daraja la juu la prosesa za Intel (i5 ni daraja la chini yake). Aanze na kizazi cha prosesa, yaani toleo lake (tarakimu ya kwanza baada ya kistari: i7-7500U ni kizazi cha 7), aje kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, kisha aweke mkono pale hewa ya moto inapotokea. Barua zimekuja nyingi, na baadhi zina ukali. Nimechukua tano. Nimezifupisha, lakini hoja ni za wenyewe.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa pili. Natumia AutoCAD, programu ya kuchora, na muhula ujao tunaanza Revit, ile ya kujenga mfano wa jengo zima. Nina laki saba. Kariakoo nimeonyeshwa ThinkPad X270 yenye i7-7500U na RAM ya GB 8, na X280 yenye i5-8250U na RAM ya GB 8 pia. Muuzaji ananiambia i7 ni i7, tena X270 ina bei nafuu. Wewe umesema tusifuate i7. Mbona nilipojaribu AutoCAD dukani zote mbili zilikwenda sawa? – Mwanafunzi, Dar es Salaam

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: umekwenda na kazi yako ukaijaribu pale pale. Na ulichokiona ni kweli. Michoro ya AutoCAD ya 2D huegemea zaidi kiini kimoja cha prosesa, kiini kikiwa sehemu inayofanya hesabu. Kwa kiini kimoja mashine hizo zinalingana: i7-7500U hupanda hadi GHz 3.5, i5-8250U hadi 3.4. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo.

Sasa hesabu viini. i7-7500U ina viwili tu. i5-8250U ina vinne. Mwaka 2017 Intel walipotoa kizazi cha 8 cha prosesa za laptopu nyembamba, waliongeza viini kutoka viwili hadi vinne huku kiwango cha umeme kikibaki pale pale, wati 15. Ndiyo maana i5 ya kizazi cha 8 inaiacha i7 ya kizazi cha 7, cha 6 na cha 5 katika kazi yoyote inayoweza kugawanywa. Siku utakapotaka picha ya jengo lako yenye jua, vivuli na vioo, utasubiri kwenye X270 karibu mara mbili ya utakavyosubiri kwenye X280. Anayekwambia i7 ni i7 anakuuzia herufi.

Nikuongezee jingine, kwa sababu najua hatua inayofuata muuzaji atakuletea i7 ya kizazi cha 8, ile i7-8550U, kwa bei ya juu zaidi. Nayo ina viini vinne vile vile. Imeongezewa kasi ya kilele, GHz 4.0, na kache, hifadhi ndogo ya ndani ya prosesa, ya MB 8 badala ya 6. Lakini kasi ya kilele ni ya sekunde chache. Katika bodi nyembamba yenye feni moja ndogo, kazi nzito ikidumu dakika kumi prosesa zote mbili hushuka hadi pale ambapo feni inaweza kuondoa joto, na zikifika hapo zinatembea karibu pamoja. Pesa ya ziada weka kwenye RAM.

Pamoja na hayo yote, sikutumi ukachukue X280 hiyo. RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua yenye GB 8 utabaki na GB 8 mpaka mashine ife, na matoleo mapya ya Revit, kwa maelezo ya Autodesk wenyewe, yanaanzia GB 16. X270 ina sloti moja: unachomoa GB 8, unaweka 16, basi. Kwa hiyo mashine moja ina prosesa bila nafasi ya RAM, na nyingine ina nafasi ya RAM bila prosesa. Hivi ndivyo laptopu ndogo zilivyo. Kila milimita iliyopunguzwa ilitoka kwenye kitu fulani, na kazi yako ni kujua kilichotolewa kabla hujalipa.

Rudi Kariakoo uulize HP EliteBook 830 G5. Ni inchi 13.3, si 12.5, lakini katika begi hutaisikia tofauti. Nyingi zina prosesa za kizazi cha 8, na zina sloti mbili za RAM. Ukiikosa, uliza Dell Latitude 7290, inchi 12.5, kizazi cha 8, sloti moja. Yenye GB 8 itakutosha kwa AutoCAD kwa kuanzia, ukijaliwa unaongeza kabla ya Revit. Angalizo moja kuhusu 830 G5: baadhi zilitengenezwa na kioo cha faragha, kile ambacho aliyekaa pembeni haoni kitu. Kioo hicho ni hafifu hata kikiwa kimezimwa, na rangi zinabadilika ukisogeza kichwa. Kwa msanifu ni mateso. Inamisha kioo huku na huku kabla hujatoa hela.

Kuhusu grafiki, usihangaike kulinganisha. HD 620 ya X270 na UHD 620 ya X280 ni kitu kile kile kwa kazi yako, herufi U imeongezwa tu mbele. Zote zitazungusha jengo dogo la ghorofa mbili. Hakuna itakayozungusha hospitali nzima.

Mwisho, Windows 11 haiitambui rasmi Intel ya kizazi cha 7, na Windows 10 ilikoma kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mwanafunzi mwenye miaka mitatu mbele yake, jambo hilo peke yake lingenitosha kuiacha X270. Nasema hivyo na X270 naipenda: ina betri mbili, moja ndani na moja nje, na ile ya nje unaibadilisha bila kuzima mashine. Mtu wa ripoti, anayezunguka vijijini kusiko na umeme, namshauri aichukue hata leo na kuiwekea Linux, mfumo wa bure badala ya Windows.

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mimi napiga video za harusi hapa Mombasa. Umeandika kwamba grafiki ya ndani ya laptopu ndogo si ya kazi ya video. Hilo silikubali. Nimehariri harusi, tena kubwa, kwa EliteBook 820 G4 ya i5 na wateja wakaridhika. Sasa nataka nguvu zaidi nisiache udogo, na nimepata ya inchi 13 iliyo na kadi ya GeForce MX150. Niichukue? – Mpiga video, Mombasa

Waaleikum salaam kaka. Tumebishana kidogo, lakini hatuko mbali. Kukata, kupanga, kuweka muziki na kutoa video, mashine yako inaweza, na sababu naijua. Ndani ya grafiki ya Intel kuna sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video, nayo haichoshi viini vya prosesa. Kuanzia kizazi cha 7, ambacho ndicho ulicho nacho, sehemu hiyo inafungua hata HEVC ya biti 10, aina ya video iliyobanwa sana. Nilichosema hakifai ni kusahihisha rangi za saa nzima ya video ya 4K, kuondoa chenga za gizani, na efekti zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Hayo yanataka kadi halisi yenye kumbukumbu yake.

Kabla ya kuuza mashine yako, ifungue nyuma. Je, RAM ni kijiti kimoja au viwili? Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM. Kijiti kimoja cha DDR4 ya 2133 (aina ya RAM na kasi yake) kinapitisha GB 17 kwa sekunde, na viwili vinapitisha GB 34. 820 G4 ina sloti mbili, na wengi huweka kijiti kimoja cha GB 16 wakaacha sloti ya pili wazi. Weka 8 na 8. RAM inabaki ile ile kwa hesabu, lakini grafiki inapata njia pana mara mbili. Hata Intel wenyewe walilitilia mkazo: kwenye kizazi cha 11, grafiki huitwa Iris Xe pale tu RAM inapopita njia mbili. Toa kijiti kimoja, Windows itaiandika UHD.

Sasa MX150. Hapa nakuomba uwe macho sana, kwa kuwa jambo hili limewaumiza watu wengi na lilifanywa kimyakimya. Nvidia walitoa MX150 mbili chini ya jina moja. Ya kwanza ni ya wati 25 na inaanzia MHz 1469. Ya pili, iliyokusudiwa hasa laptopu nyembamba, ni ya wati 10 na inaanzia MHz 937. Kwenye boksi hakuna tofauti, kwenye kibandiko hakuna tofauti. Mwaka 2018 wapimaji wa laptopu ndio walioligundua, baada ya kuona matokeo hayalingani. Mwambie muuzaji akuruhusu kuweka programu ndogo ya bure ya GPU-Z. Tazama namba ya utambulisho wa kadi: ikisomeka 1D10 ni ile kamili, ikisomeka 1D12 ni ile iliyopunguzwa. Laptopu nyingi za inchi 13 ninazozifungua mezani kwangu ni 1D12.

Na hata ukiipata ile kamili, mashine ya inchi 13 mara nyingi ina bomba moja la shaba linalobeba joto la prosesa na la kadi kwa pamoja. Ni sufuria mbili juu ya jiko moja: zote zinachemka, lakini hakuna inayochemka vizuri. Programu ikizitumia zote mbili kwa wakati mmoja, na DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, inafanya hivyo, utaona kasi inashuka kidogo kidogo mpaka unajiuliza kadi iko wapi. Isitoshe MX150 nyingi zina kumbukumbu ya GB 2. Resolve ikiwa na video za 4K itakwambia kumbukumbu ya kadi imejaa, na itakuwa na haki.

Kwa hiyo hapana kaka, usiichukue. Nunua kijiti cha pili cha RAM na SSD (diski ya kasi) ya nje ya USB, kisha ujenge mazoea ya nakala nyepesi. Programu karibu zote za kuhariri zinaweza kukutengenezea nakala za 720p za kila video, unakata kwa hizo, na siku ya kutoa kazi zinarudishwa zile kubwa zenyewe. Usiku unaiacha mashine ifanye kazi hiyo, asubuhi unakaa kukata. Mwenye kompyuta kubwa hatajua ulikatia wapi.

Ila kama harusi za msimu zimeongezeka na kila mteja anataka rangi za kisinema, basi inchi 13 imekufikisha mwisho wake. Ongea na mimi upya, safari hiyo tuzungumzie inchi 15 yenye feni mbili.

SWALI: Habari fundi. Nina laptopu ndogo ya kampuni yenye tundu la Thunderbolt 3. Nimesikia unaweza kuchomeka kadi ya grafiki ya nje ukacheza gemu yoyote. Ni kweli? – Msomaji, Nairobi

Ni kweli, inawezekana. Lakini piga hesabu. Unahitaji boksi la nje lenye pawasaplai yake, halafu kadi yenyewe, na kadi hiyo itapita kwenye njia nyembamba kuliko ile iliyozoea ndani ya kompyuta ya mezani. Ukitumia kioo cha laptopu hiyo hiyo, picha inarudi kwa waya ule ule na unapoteza kasi nyingine. Boksi peke yake, ukilipata Nairobi, linaweza kukugharimu kama Dell OptiPlex ya mtumba. OptiPlex ndogo ya maofisini yenye sloti ya kadi inakubali kadi fupi kama GTX 1650 ya kimo cha chini, isiyohitaji waya wa ziada wa umeme kwa kuwa inaishi ndani ya wati 75 za sloti yenyewe. Laptopu ya kazi iache ibaki ya kazi. Na kwa kuwa umesema ni ya kampuni, usiifungue wala usibadilishe chochote bila ruhusa yao.

SWALI: Ndugu fundi, salaam kutoka Muscat. Natafsiri nyaraka, Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, na nasafiri sana. Nasita kati ya MacBook Air ya M1 yenye GB 8 na laptopu ya Windows ya inchi 13 yenye feni. Rafiki ananiambia Mac isiyo na feni haifai kwa joto la Oman. – Mfasiri, Muscat

Rafiki yako ana hoja, lakini ameipeleka mbali. Air ya M1, ya mwishoni mwa mwaka 2020, haina feni kweli. Joto linatawanyika kwenye bati lililo ndani na likizidi prosesa inajipunguza mwendo. Jambo hilo si geni. Mwaka 2015 Apple waliiweka Core M ya Intel, isiyofika hata wati 6, kwenye MacBook ya inchi 12 isiyo na feni, na mashine ile ilikuwa ikichoka mapema. M1 ni kizazi kingine kabisa: ina viini vinne vya nguvu na vinne vya kubana umeme, na kazi ya maandishi haiifikishi hata nusu ya uwezo. Kwa kutafsiri, hata ukifungua kamusi na kurasa ishirini, mashine haitapata moto wa kukusumbua, ilimradi uko chumbani penye kiyoyozi.

Apple wenyewe wanasema itumike kwenye joto la nyuzi 10 hadi 35. Muscat mwezi wa sita inapita hapo mchana. Kwa hiyo usifanyie kazi barazani adhuhuri, na usiiache ndani ya gari. Katazo hilo la pili linahusu betri kuliko prosesa, na laptopu yenye feni nayo haimo katika msamaha, kwa sababu mashine ikiwa imezimwa feni haimsaidii mtu.

Kinachonitia shaka kwako ni vitu viwili ambavyo rafiki hakuvitaja. RAM ya M1 iko ndani ya kifurushi kimoja na prosesa, hakuna fundi atakayeiongeza. Pata ya GB 16 kama mfuko unaruhusu. La pili, Air ya M1 inakubali rasmi kioo kimoja tu cha nje. Wafasiri wengi ninaowahudumia hupenda vioo viwili mezani, maandishi ya asili upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Kama wewe ni mmoja wao, utatumia kioo cha Mac yenyewe na kimoja cha nje. Ukiona hiyo inakutosha, ichukue. Kwa kukaa na chaji safarini, sijaona laptopu ya Intel ya umri huo inayoifikia.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Kijana wangu yuko kidato cha pili. Dukani nimeonyeshwa laptopu mpya kabisa ya inchi 11, Celeron N4020, RAM 4, diski 64, laki tano. Jirani anasema kwa hela hiyo nipate mtumba. Mimi naogopa mtumba. Kijana naye anataka kucheza gemu. – Mama, Morogoro

Shikamoo mama. Nakuelewa hofu yako ya mtumba, hela ni ya jasho. Lakini katika hili jirani yako amesema kweli, na naomba unisikilize.

Celeron N4020 ina viini viwili, wati 6, na ilitengenezwa kwa kazi nyepesi mno. RAM ya 4 kwenye mashine za namna hiyo kwa kawaida imechomelewa, na hiyo diski ya 64 si SSD, ni chipu ya aina ya eMMC, nayo imechomelewa. Sasa, Microsoft wanapoeleza kiwango cha chini kabisa cha kompyuta ya kuweka Windows 11, wanataja RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. Yaani mashine hiyo mpya inaanza maisha ikiwa imesimama juu ya mstari wa mwisho. Masasisho mawili matatu makubwa yakija nafasi itaisha, kijana atafuta picha zake, atafuta masomo yake, na fundi hatakuwa na sloti ya kumsaidia. Mashine za namna hiyo naletewa mezani na wazazi wanaouliza kama naweza kuongeza chochote, na jibu linaniuma kila ninapolitoa.

Kwa laki tano hiyo hiyo, au ukiongeza kidogo, tafuta mtumba wa ofisini wenye i5 ya kizazi cha 8, RAM 8 na SSD ya 256. Mwambie muuzaji kioo kiwe cha 1920 kwa 1080. Vile vya 1366 kwa 768 vinabana maandishi, na vingi vyake ukivitazama kwa pembeni rangi zinageuka. Kijana atasoma, ataandika, atajifunza programu, na gemu zitachezeka za umri wa grafiki yenyewe: PES 2017 itakwenda vizuri, GTA V itakwenda kwa kushusha kila kitu chini na picha ya 720. Gemu mpya za leo hapana, na mwambie mapema asije akadhani umemnunulia kibovu.

Kama roho yako haitulii bila kitu kipya chenye dhamana, basi iwe na prosesa ya Intel N100, ya mwaka 2023, yenye viini vinne, RAM isipungue 8, na SSD halisi. Hiyo nitakuruhusu. Gemu zake zitakuwa chache kuliko za ule mtumba, lakini masomo yatakwenda bila tabu.

Ukienda kwenye mtumba, nenda na kijana mwenyewe. Iwasheni, fungueni video ya YouTube na madirisha mengine kadhaa, iacheni dakika ishirini bila chaja. Tazameni chaji imeshuka asilimia ngapi. Sikilizeni feni: ikivuma kwa sauti moja ni sawa, ikikwaruza ni ya kubadilisha. Bonyezeni kila kitufe cha kibodi. Andikieni namba ya mashine kwenye risiti pamoja na siku alizokubali muuzaji kuipokea ikirudi. Na nyumbani itumike mezani. Laptopu nyingi za namna hii huvuta hewa kutoka chini, na juu ya godoro tundu lote linazibwa. Kila mwaka ipelekwe kwa fundi apulize vumbi na kubadilisha ile pesti inayokaa kati ya prosesa na bomba la shaba. Ni kazi ndogo, na Morogoro mafundi wa kuifanya wapo.